Kaburi la Baba: Ukatoliki Baina ya Uungwana wa Mvita na Mafundisho ya Confucius

Utangulizi

Mkutano wa Ukatoliki na mafundisho ya Confucius ni mada iliyozungumzwa sana katika historia ya fikra. Aghalabu mada hiyo huhusishwa na miji ya Macau, Beijing na Roma, na ni nadra kisiwa cha Mombasa kutajwa ndani yake. Hata hivyo, mtu anayeitazama Bahari ya Hindi ya karne ya kumi na sita na ya kumi na saba atatambua kwamba merikebu zilizowapeleka wamisionari China na zile zilizowaleta Mombasa zilitoka bandari moja, Lisbon, na kituo chao kikuu huku Mashariki kilikuwa kimoja, yaani Goa. Mfalme wa Ureno ndiye aliyekuwa amepewa na Papa haki ya kuisimamia kazi ya Kanisa katika pwani hizo. Hivyo basi, Mvita na China zilikutana na Kanisa lile lile, na katika kizazi kile kile.

Makala haya yanayalinganisha makutano hayo mawili kwa kutumia kipimo kimoja, nacho ni heshima ya mtoto kwa mzazi wake aliyefariki. Je, mtu aliyebatizwa anaweza kuendelea kumheshimu baba yake kaburini kwa taratibu za watu wake? Makala yanadai kwamba nchini China swali hili liliulizwa mapema na likajadiliwa kwa zaidi ya miaka 300. Mombasa halikupewa nafasi ya kuulizwa, na kukosekana kwa nafasi hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyochangia umwagaji damu wa Agosti 1631.

Utu, Adabu na Uungwana

Confucius, ambaye Wachina humwita Kongzi, aliishi kati ya mwaka 551 na 479 kabla ya Kristo. Mafundisho yake hayakuanza na maelezo kuhusu Mungu wala ahera. Yalianza na maisha ya watu: baba na mwana, mtawala na raia, mkubwa na mdogo. Dhana nne katika mafundisho hayo zinaweza kueleweka kwa urahisi na msomaji wa Kiswahili. Ya kwanza ni ren, ambayo inakaribiana sana na utu. Ya pili ni li, yaani adabu pamoja na taratibu zinazoishikilia jamii, kuanzia salamu hadi mazishi. Ya tatu ni xiao, heshima na utiifu kwa wazazi, walio hai na waliokwisha kufa. Ya nne ni junzi, mtu aliyekamilika kitabia.

Dhana hii ya nne inastahili kuangaliwa kwa makini. Hapo awali neno junzi lilimaanisha mtoto wa bwana, yaani mtu wa ukoo bora. Confucius alilihamisha kutoka kwenye nasaba na kulipeleka kwenye tabia. Katika miji ya Waswahili, neno muungwana limepitia njia inayofanana na hiyo. Lilimtaja kwanza mtu huru, asiye mtumwa, mwenye nasaba inayojulikana mjini. Baadaye likaja kumaanisha mtu yeyote mwenye adabu na maneno ya staha. Bila shaka kuna tofauti kubwa: uungwana wa Mvita umejengwa juu ya Uislamu, dini yenye kitabu na mtume, ilhali mafundisho ya Confucius hayana mambo hayo. Lakini katika suala la wazazi pande hizi mbili zinakaribiana. Mchina wa zama hizo aliweka nyumbani mbao zenye majina ya wazee wake, akazifukizia ubani, akapiga magoti na kutenga chakula mbele yake. Mswahili naye humsomea marehemu wake hitima na kumzuru kaburini ili amwombee dua. Taratibu ni tofauti na itikadi ni tofauti, ila pande zote mbili huona haya kwa mtoto anayemsahau mzazi wake.

Inafaa kukumbuka pia kwamba Uchina haukuwa mgeni katika pwani hii. Mwaka 1415 watu wa Malindi walimpelekea mfalme wa China twiga, na merikebu za amiri Zheng He zilifika katika bandari za Afrika Mashariki. Vyombo vya kauri vya Kichina vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Ngome ya Yesu mjini Mombasa. Huko Mambrui, kaskazini mwa Malindi, mabakuli ya Kichina yalipachikwa kwenye mnara wa kaburi. Kwa maneno mengine, Waswahili walikuwa wamekwisha kukitumia chombo cha China kumheshimu maiti wao kabla Mreno hajafika.

Padri Aliyebadili Vazi

Mmisionari aliyezigusa pwani zote mbili ni Fransisko Ksaveri, Mjesuiti. Mwaka 1542, akielekea Goa, alitua Malindi. Katika barua yake anasimulia mazungumzo na mzee mmoja Mwislamu aliyemuuliza kama Wakristo wanahudhuria makanisa yao, kwani mjini kwake, kati ya misikiti 17, ni mitatu tu iliyokuwa ikitumika. Wawili hao hawakukubaliana, lakini walizungumza. Miaka kumi baadaye, Desemba 1552, Fransisko alifariki katika kisiwa cha Shangchuan akisubiri kuingia China.

Aliyefanikiwa kuingia ni Matteo Ricci, Mjesuiti kutoka Italia. Alisafiri kutoka Lisbon mwaka 1578, akakaa Goa, kisha akafika Macau mwaka 1582. Mkubwa wake, Alessandro Valignano, alikuwa ameagiza kwamba wanaokwenda China wajifunze kwanza kusoma na kuandika Kichina. Ricci alianza kwa kuvaa kama mtawa wa Kibudha. Alipotambua kwamba wenye heshima katika nchi ile ni wasomi wa vitabu vya Confucius, alibadili vazi mwaka 1595, akafuga ndevu na kuvaa joho la hariri la wasomi. Waswahili husema, ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho.

Vazi hilo lilikuwa ishara ya msimamo. Mwaka 1603 Ricci alitoa kitabu kwa Kichina kuhusu Mungu, akijenga hoja zake kwa kutumia maandiko ya kale ya Wachina wenyewe. Kuhusu mbao za wazee na ubani wake, aliamua kwamba hazikuwa ibada ya miungu. Kwa maoni yake zilikuwa adabu ya kijamii, njia ya mtoto kuonyesha kwamba hakusahau malezi. Mchina aliyebatizwa angeweza kuendelea nazo.

Athari za msimamo huo zinaonekana katika maisha ya Xu Guangqi, msomi wa Shanghai aliyebatizwa mwaka 1603 na kupewa jina la Paulo. Yeye na Ricci walitafsiri kwa Kichina vitabu sita vya mwanzo vya jometria ya Euclid, vilivyochapishwa mwaka 1607. Mwaka huo huo babake alifariki. Xu aliacha kazi ya serikali, akarudi Shanghai kukaa matangani kwa muda uliowekwa na mila, ambao kwa hesabu ya Wachina ni miaka mitatu. Mapadri hawakumtuhumu kwamba ameiacha imani, na wakubwa wa serikali hawakumtuhumu kwamba ameiacha mila. Alirejea kazini, na mwaka 1632 akapanda hadi kuwa miongoni mwa mawaziri wakuu wa dola ya Ming.

Mtoto Aliyebadilishwa Vazi

Wakati Ricci anabadili joho lake, Wareno walikuwa wakiijenga Ngome ya Yesu kwenye lango la bandari ya Mombasa. Ujenzi ulianza mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi kutoka Milan. Kabla ya hapo Mombasa ilikuwa imeshambuliwa na Wareno mwaka 1505, ikashambuliwa tena mwaka 1528, na mara nyingine mwaka 1589. Watawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino walifika mwaka 1597 na kuanzisha nyumba yao kisiwani. Kwa hiyo wenyeji wa Mji wa Kale waliwaona watawa hao baada ya kuiona mizinga, na kwao mambo hayo mawili hayakutenganika.

Wareno waliukabidhi usultani wa Mombasa kwa ukoo wa watawala wa Malindi, waliokuwa rafiki zao tangu zama za Vasco da Gama. Urafiki huo haukudumu. Sultani Hasan bin Ahmad aligombana na kapiteni wa ngome, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa huko kwa njama za Wareno. Mwanawe Yusuf, aliyekuwa bado mtoto, alipelekwa Goa.

Huko Goa Yusuf alilelewa na watawa wa Augustino, akabatizwa na kupewa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Alisoma, akatumikia katika vyombo vya vita vya Wareno, akaoa mke Mkristo, akatunukiwa cheo cha shujaa wa Shirika la Kristo. Mwaka 1626 alirejeshwa Mombasa kuwa mfalme wa kwanza Mkristo wa kisiwa hicho, na mwaka uliofuata barua ya utii ilipelekwa kwa jina lake kwa Papa Urbani VIII. Kwa Wareno, hapakuwa na ushahidi mkubwa zaidi kwamba kazi yao ilikuwa imefaulu.

Tofauti na China ni dhahiri hapa. Kule, mgeni ndiye aliyebadili vazi, lugha na namna ya kuketi. Hapa, mwenyeji ndiye aliyebadilishwa jina, vazi na malezi, naye alikuwa mtoto ambaye babake ameuawa kwa njama za wale wale waliomlea. Methali ya Kiswahili inamwelezea vizuri: mkono usioweza kuukata, ubusu.

Kaburi na Ngome

Kwa mujibu wa masimulizi ya upande wa Wareno, mfalme huyo alikutwa akizuru kaburi la babake kwa siri na kumwombea kwa taratibu za Kiislamu. Habari zilimfikia kapiteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, aliyekusudia kumpeleka Goa akahukumiwe. Mfalme akatanguliza shauri lake. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake kwa kisingizio cha kumtembelea kapiteni, akamchoma kisu na kumuua. Wareno waliokimbilia katika nyumba ya watawa hawakunusurika. Waliobatizwa walitakiwa kuchagua Uislamu au kifo, na miongoni mwa waliochagua kifo walikuwamo Waafrika. Dom Jerónimo akarejea jina lake la Yusuf bin Hasan. Wareno walituma kikosi kutoka Goa kikamzingira bila mafanikio, lakini mwaka 1632 yeye mwenyewe aliihama Mombasa na kuishi baharini hadi alipofariki mwaka 1638. Mwaka ule ule ambao Xu alifikia kilele cha utumishi wake, Yusuf aliuacha ufalme wake.

Haifai kulitazama tukio hili kwa jicho la upande mmoja. Waliouawa walikuwa watu wenye wake na watoto, na Kanisa limewakumbuka kama mashahidi wa imani. Aidha, tunachojua kuhusu tukio lenyewe kinatokana kwa kiasi kikubwa na ushahidi wa viapo uliokusanywa na Kanisa baada ya maafa, ambao mwanahistoria Freeman-Grenville aliuchapisha mwaka 1980. Sauti ya Yusuf haimo. Hata ile habari ya kaburini imetujia kupitia kwa mahasimu wake. Lakini hata ikichukuliwa kama tuhuma tu, inaonyesha jambo la msingi: kwa utawala wa ngome, mtoto kusimama kwenye kaburi la babake lilikuwa kosa la kumfikisha mtu mahakamani.

Kwa Nini China Ikawa Mbali na Mombasa?

Sababu ya kwanza ni dini yenyewe. Mafundisho ya Confucius yaliwapa Wajesuiti mwanya wa kusema kwamba hii ni adabu tu, si dini. Uislamu haukutoa mwanya huo. Wareno walikuwa na kumbukumbu ya karne nyingi za vita baina ya Wakristo na Waislamu katika nchi yao, nao waliivuka bahari na kumbukumbu hiyo. Dua aliyoiomba Yusuf ilikuwa dua ya Kiislamu, na mtu mwadilifu anaweza kusema kwamba hata Ricci angeshindwa kuiita adabu ya kijamii.

Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Sababu ya pili ni nguvu. Nchini China Wareno walikaa Macau kwa idhini ya wenye nchi, na mmisionari angeweza kufukuzwa siku yoyote. Asiye na mzinga hulazimika kutafuta hoja. Mombasa palikuwa na mizinga, na mwenye nacho hakuona haja ya kuuliza wenyeji wanafikiri nini. Sababu ya tatu ni namna ya kubatizwa. Xu alibatizwa akiwa mtu mzima, baada ya kusoma na kujadiliana. Yusuf alibatizwa akiwa mateka wa kisiasa.

Ikumbukwe pia kwamba njia ya Ricci haikukubaliwa na Wakatoliki wote. Wadominikani na Wafransisko waliofika China baadaye waliziona mbao za wazee kuwa ushirikina. Roma ilizipiga marufuku taratibu hizo mwaka 1645, ikaziruhusu mwaka 1656 baada ya kusikiliza maelezo ya Wajesuiti, kisha Papa Klementi XI akazikataza mwaka 1704 na tena mwaka 1715. Mfalme Kangxi, ambaye mwaka 1692 alikuwa ameuruhusu Ukristo, alisomewa tafsiri ya amri hiyo na mwaka 1721 akaagiza Wazungu wasihubiri tena nchini mwake. Papa Benedikto XIV aliufunga mjadala mwaka 1742. Ni mwaka 1939 ambapo Roma, chini ya Papa Pio XII, iliwaruhusu Wakatoliki wa China kushiriki taratibu za kumheshimu Confucius na kuwainamia wazee wao waliofariki. Kwa muda wa karibu karne mbili, basi, Mkatoliki wa China aliwekwa mahali pale pale alipowekwa Yusuf: achague kati ya ubatizo na kaburi la baba.

Ushahidi wa Maneno

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, matokeo ya makutano haya yanasikika katika lugha. Nchini China Wajesuiti walihangaika kutafuta jina la Mungu, na neno lililokubaliwa na Roma, Tianzhu, yaani Bwana wa Mbingu, ndilo linaloutambulisha Ukatoliki kwa Kichina mpaka leo. Maneno ya Kireno yaliyobaki katika Kiswahili ni ya namna nyingine: meza, leso, bendera, mvinyo, karata. Ni maneno ya nyumbani, sokoni na baharini. Kwa upande wa dini tunalo neno padri, na tunalo neno gereza, ambalo wataalamu wengi wa asili za maneno hulihusisha na neno la Kireno igreja, lenye maana ya kanisa. Wenyeji waliliona kanisa ndani ya kuta za ngome, na jina la nyumba ya ibada likaishia kuwa jina la mahali pa kufungiwa watu. Baadaye Waingereza waliitumia Ngome ya Yesu yenyewe kama gereza, kuanzia mwaka 1895 hadi 1958.

Wamisionari wa karne ya kumi na tisa walitumia njia tofauti. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Zanzibar mwaka 1863 na Bagamoyo mwaka 1868. Mmoja wao, Charles Sacleux, aliishi na wenyeji kwa miaka mingi akijifunza lahaja zao, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka mwaka 1939. Kanisa walilolijenga lilizungumza kwa maneno ambayo Waislamu wa pwani walikuwa wamekwisha kuyazoea: sala, dhambi, roho, malaika, na neno kanisa lenyewe, ambalo asili yake ni Kiarabu. Na jina la Mungu walilolikuta ni la Kibantu, ambalo Waislamu wa pwani walikuwa wamelihifadhi tangu kale. Kazi ambayo Ricci aliifanya kwa jasho kule Beijing, huku ilikuwa imekwisha kufanywa na Waswahili wenyewe.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba tofauti kati ya China na Mombasa haikutokana na dini peke yake. Ilitokana pia na nani aliyetakiwa kubadilika, na kama mwenyeji aliachiwa nafasi ya kusema mila yake ina maana gani kwake. Palipokuwa na mazungumzo, Xu Guangqi aliweza kuwa Mkatoliki na mtoto wa babake kwa wakati mmoja. Pasipokuwa na mazungumzo, Yusuf bin Hasan alilazimika kuchagua, na uchaguzi wake ukawagharimu wengi.

Juu ya lango la Ngome ya Yesu limo jiwe lililoandikwa kwa Kireno mwaka 1639, likimsifu kapiteni Francisco de Seixas de Cabreira kwa kuirejesha pwani katika utii. Miaka 59 baadaye, Desemba 1698, ngome hiyo ilitekwa na Waomani baada ya kuzingirwa tangu Machi 1696. Tangu mwaka 2011 ngome hiyo imeorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia, na maelfu ya wanafunzi hupita chini ya jiwe hilo. Ingefaa watafiti wa fasihi na historia ya Kiswahili wakusanye masimulizi ya wazee wa Mji wa Kale kuhusu zama za Wareno, pamoja na istilahi za dini zilizotokana na zama hizo, kwa kuwa jiwe la langoni linasimulia upande wa kapiteni tu.